Dispensari ya Shule ya Bweni Mkoani Morogoro: Tathmini ya Mzazi Baada ya Miaka Mitatu

Binti yangu mkubwa alizaliwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli, na kwa sababu hiyo shule ya bweni sikuichagua kwa kutazama matokeo ya kidato cha nne peke yake; niliichagua kwa kutazama dispensari. Tathmini hii inahusu huduma ya uuguzi katika shule moja ya sekondari ya wasichana mkoani Morogoro, ambako binti huyo alisoma kuanzia kidato cha pili, Januari 2023, hadi alipomaliza kidato cha nne Novemba 2025, na ambako mdogo wake bado anasoma. Shule siitaji kwa jina, wala ile aliyoanzia, kwa kuwa wanaohudumiwa humo ni watoto wa watu na habari za afya zao si za kuanikwa. Ninachotaka ni kueleza nilichokiona, nilichokilipia na nilichokilalamikia, ili mzazi mwenye mtoto anayehitaji uangalizi ajue la kuuliza kabla hajampakia mtoto na tranka lake kwenye basi.

Kwa kazi mimi ni mtunza stoo, na miaka 19 ya kazi hiyo imenizoesha kuuliza mambo yale yale kila ninapoingia mahali panapotunzwa vitu: kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini, nani ametia sahihi, na ufunguo anao nani. Sikujua kwamba swali hilo la mwisho lingekuja kuwa swali la uhai wa mtoto wangu.

Kabla ya Morogoro alisoma mwaka mmoja katika shule nyingine ya bweni, nyanda za juu kusini, ambako baridi ya Juni na Julai si ya kusimuliwa. Fomu ya uchunguzi wa afya, ile inayoambatana na maelekezo ya kujiunga, ilijazwa na daktari wa hospitali ya serikali, naye aliandika kwa herufi kubwa ugonjwa wa mtoto, dawa anazotumia kila siku, na mambo ya kumwepusha nayo: baridi, kiu na uchovu uliopita kiasi. Nilipoikabidhi ilitobolewa matundu mawili, ikaingizwa kwenye faili, na kwa kadiri nilivyokuja kufahamu haikufunguliwa tena. Muuguzi hakuwepo. Alikuwepo matroni, mama mwenye huruma lakini asiye na mafunzo yoyote ya tiba, na palikuwa na sanduku la dawa lenye kufuli, ambalo ufunguo wake ulikaa kwa makamu mkuu wa shule, naye akiishi nje ya eneo la shule.

Usiku mmoja wa Julai 2022 mtoto aliamka akiwa na maumivu ya miguu na mgongo. Matroni alimpa panadol mbili kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe, akamsihi avumilie mpaka kukuche. Saa 11 alfajiri ikagongwa kengele ya mchakamchaka, na kiranja wa bweni, ambaye naye ni mtoto tu, akamtoa kitandani pamoja na wenzake kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha ya wagonjwa. Orodha hiyo iliandikwa na mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo alikuwa bado amelala nyumbani kwake. Binti yangu alikimbia mzunguko mmoja wa uwanja katika ukungu ule, kisha miguu ikakataa. Mimi nilipigiwa simu saa 5 asubuhi. Alilazwa siku 9 na kuongezewa damu chupa 2, na daktari aliyempokea aliniuliza kwa upole kwa nini tumechelewa hivyo. Yule matroni simlaumu, kwa sababu alitoa alichokuwa nacho.

Asiyeuguza ugonjwa huu anaweza kuona kwamba saa chache si kitu, kwa hiyo nieleze kidogo. Chembe nyekundu za damu ya mtoto mwenye selimundu hujipinda mithili ya mundu pale zinapokosa oksijeni, na mwili ukipungukiwa maji, ukipigwa na baridi au ukishikwa na homa, chembe hizo hunasana na kuziba mishipa midogo, na sehemu iliyozibiwa huanza kuuma kwa namna ambayo panadol haiigusi. Ukimnywesha maji mapema, ukamfunika, ukampa dawa ya maumivu inayostahili na ukapima joto lake, mara nyingi hali hutulia palepale. Ukikawia, mambo huhamia kifuani au kichwani na kuwa mengine kabisa. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka, nao wakikua wanakwenda shule kama wenzao, hivyo hakuna shule kubwa ya bweni nchini inayoweza kudai kwamba jambo hili haliihusu.

Desemba 2022 nilizunguka shule 5 nikiwa na swali moja: saa 8 usiku, ufunguo wa dawa unakaa kwa nani? Katika shule 3 nilijibiwa kwamba kuna utaratibu. Katika ya 4 niliambiwa hospitali ya wilaya haiko mbali. Katika ya 5, hii ninayoieleza, mkuu wa shule hakujibu lolote, bali aliinuka akanipeleka kwenye nyumba ndogo iliyo kati ya mabweni mawili, na muuguzi aliyekuwa ndani alipoulizwa swali hilohilo alivuta kamba shingoni mwake, akanionyesha funguo mbili, akasema, "Hizi hapa, baba. Na mimi nalala nyuma ya ule mlango." Mlango wenyewe uliunganisha chumba chake cha kulala na wodi ya vitanda 6.

Niliomba kuona leseni yake, na ningependa kila mzazi aombe bila haya, kwa kuwa neno nesi katika shule zetu hutumika ovyo, hata kwa mtu aliyehudhuria semina ya siku 2 ya huduma ya kwanza. Huyu alikuwa amesomea stashahada ya uuguzi kwa miaka 3 na amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na leseni yake ilikuwa ukutani, pembeni ya kalenda. Ilikuwa hai. Hakukasirika kuulizwa, alinisogezea kiti.

Chumba chenyewe hakina fahari. Sakafu ni ya saruji, vitanda ni vya chuma, kila kimoja kina chandarua kilichotundikwa sawasawa na jagi la maji ya kunywa lenye kifuniko, na kati ya kitanda na kitanda kuna pazia. Kwenye meza kuna kipimajoto, mashine ya shinikizo la damu, mizani, vipimo vya haraka vya malaria, na kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole ili kujua kiwango cha oksijeni. Kilichonikamata mimi ni madaftari mawili makubwa yenye jalada gumu. La kwanza ni la wagonjwa, na safu zake zimepigwa kwa rula: tarehe, saa, jina, kidato, bweni, anachosumbuliwa nacho, joto, kipimo na jibu lake, dawa aliyopewa, saa ya kurudi, sahihi. La pili ni la dawa, na lilikuwa leja hasa kama zile ninazozijua, kila dawa na ukurasa wake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, na hesabu ya kila Jumamosi. Kabatini zile zinazokaribia kuisha muda zilikuwa mbele na zenye muda mrefu nyuma. Nilihesabu pakiti za dawa ya mseto ya malaria mbele yake, nikapata 37, na leja ikasema 37. Nimefanya ukaguzi katika stoo za kampuni kubwa ambazo haziwezi kufikia hapo.

Lakini daftari la wagonjwa ndilo lililonithibitishia kwamba hapa kuna muuguzi na si mgawaji wa vidonge tu, kwa sababu yeye hulisoma. Februari 2024, kama alivyotueleza kwenye mkutano wa wazazi, aliona kwamba ndani ya siku 4 wasichana 11 wamekuja wakiharisha, na 9 kati yao wanalala bweni moja. Kama si ile safu ya bweni, wangekuwa wagonjwa 11 wa tumbo, kila mmoja na tatizo lake. Alimwita fundi wa shule, wakapanda ngazi mpaka kwenye tangi la bweni lile, wakakuta mfuniko umepasuka na ndege amefia ndani. Tangi lilimwagwa na kusuguliwa siku hiyohiyo, maji yakatiwa dawa, na kwa wiki nzima bweni hilo lilikunywa maji yaliyochemshwa jikoni. Mkuu wa shule alisimama mbele yetu akasema kwamba bila daftari asingejua. Mimi nilipiga makofi peke yangu, na watu wakanigeukia.

Malaria ndiyo kazi yake ya kila siku, kwa kuwa Morogoro ina mbu na mvua. Msichana akija na homa hapewi dawa kwa kukisia. Anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, wanasubiri dakika 15 hadi 20, na kikionyesha hana malaria muuguzi anaendelea kutafuta chanzo kingine badala ya kumpa dawa ya mseto ili aondoke. Anayekutwa nayo anaanza dozi papo hapo, na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hatulisimamii hata nyumbani. Dozi ya pili hufuata baada ya saa 8, kisha nyingine kila baada ya saa 12 mpaka siku 3 zitimie, na kwa msichana mwenye kilo 35 au zaidi hiyo ni vidonge 24 kwa jumla. Mtoto akijiona amepona siku ya pili huacha, na vidonge vinavyobaki huviweka kwenye tranka au humpa rafiki. Muuguzi huyu haruhusu pakiti itoke kwenye dispensari. Kila dozi inamezwa mbele yake, baada ya uji wa karanga au maziwa kwa kuwa dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta, na ya usiku yeye mwenyewe huifuata bwenini na tochi.

Binti yangu naye alikuwa na ukurasa wake. Folik asidi na haidroksiurea alizimeza mbele ya muuguzi kila jioni, tarehe zake za kliniki zilibandikwa ndani ya mlango wa kabati, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kudumu ya wasiokimbia mchakamchaka, wanaooga maji ya moto na wanaoruhusiwa kuwa na chupa ya maji darasani hata wakati wa mtihani. Fomu ileile ya daktari, iliyotobolewa na kusahauliwa katika shule ya kwanza, hapa ilinakiliwa kwa mkono na kupelekwa kwa mwalimu wa darasa, mwalimu wa michezo na matroni, kila mmoja akitia sahihi kwamba ameisoma.

Mwishoni mwa Julai 2024, saa 8 na dakika 20 usiku, simu yangu iliita.

"Shikamoo baba. Samahani kwa kukuamsha. Mtoto ana maumivu ya kifua, joto ni 38.7, oksijeni 91. Nimempa dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari wake, anakunywa maji, na gari limeshawashwa. Tunakwenda hospitali ya rufaa. Sikungoja ruhusa ya mtu."

Niliitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuitambua. Nilichokisikia zaidi ya yote ni yale maneno ya mwisho. Baadaye nilisoma waraka wa ndani wa shule, wenye mstari mmoja unaosema kwamba uamuzi wa kumpeleka mwanafunzi hospitali usiku ni wa muuguzi, na uongozi unaarifiwa, hauombwi. Mstari huo mmoja una thamani kuliko jengo. Treni ya umeme ilikuwa imeanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni mwaka huo, na kabla ya saa 4 asubuhi nilikuwa pembeni ya kitanda cha mwanangu, nikamkuta na oksijeni puani, amechoka, lakini anazungumza. Kitandani palikuwa na barua ya rufaa iliyoandikwa na muuguzi, ikiwa na saa ya kila dawa, kila kipimo cha joto na hata idadi ya vikombe vya maji. Daktari aliniambia kwamba barua ile ilimwokolea muda wa kuuliza, na kwamba kwa homa na maumivu ya kifua ya mtoto wa aina hii, kuja usiku uleule ndilo jambo lililofanya akae hospitali siku 4 badala ya majuma. Safari hii damu haikuhitajika.

Nisije nikaonekana kwamba naipima dispensari kwa mtoto wangu peke yake, niseme kuhusu mengine. Macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam Januari 2024, shule zikiwa zinafunguliwa, muuguzi alikaa getini na kukagua macho ya kila aliyefika, waliokuwa nayo wakatengewa chumba na beseni zao, na wazazi tukatumiwa ujumbe wa kututaka tusiwawekee watoto dawa za kuambiwa na jirani. Mwezi Aprili mwaka huohuo, wakati chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, mdogo mtu alikuwa kidato cha kwanza na alikuwa na umri huo. Barua ilitufikia wiki moja kabla, ikieleza kwamba saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini na kwamba chanjo imekuwa ikitolewa Tanzania nzima tangu 2018. Baadhi yetu tulikuwa na wasiwasi kutokana na yale yanayosemwa mitaani kuhusu uzazi. Muuguzi alitupigia simu mmoja mmoja, sisi tulioandika kwamba tuna maswali, akajibu kwa subira bila kumfanya mtu ajione mjinga. Mwanangu alichanjwa.

Kuna na yale madogo ambayo hayaui lakini yanamtoa mtoto darasani. Mapunye, upele, chawa, jipu, hedhi yenye maumivu. Shule nyingi humwandikia mtoto ruhusa ya kurudi nyumbani na kumwambia asirudi mpaka apone. Historia ya uuguzi wa shule ilianzia hapohapo: mwaka 1902 mjini New York watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa maelfu kwa sababu ya magonjwa ya macho na ngozi, wala nyumbani hapakuwa na wa kuwatibu, mpaka alipoajiriwa muuguzi Lina Rogers kwa majaribio ya mwezi mmoja katika shule 4, akawa anawatibu palepale shuleni na kuwafuata nyumbani walioshindwa kuja. Ndani ya mwaka mmoja utoro wa aina hiyo ulipungua kwa takribani asilimia 90, na mji ukaajiri wengine. Huyu wetu wa Morogoro anafanya vivyo hivyo bila makuu: mwenye mapunye anapakwa dawa kila asubuhi kabla ya namba, anafunikwa kichwa, na saa 2 kamili yuko darasani. Pedi zipo kwenye boksi la kadibodi nyuma ya pazia, na anayezihitaji anachukua bila kuandika jina. Muuguzi anahesabu boksi, hamhesabu msichana. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi iliondolewa mwaka 2018 na kurudishwa mwaka uliofuata, na kwa mtoto wa mzazi asiye na uwezo boksi lile ndilo linaloamua kama atakuwa darasani siku hizo.

Ningependa nikae kidogo kwenye jambo la Oktoba 2024, kwa sababu hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Kidato cha nne walikuwa wamebakiza wiki chache waingie kwenye mtihani wa taifa, prepo ilikuwa imesogezwa hadi saa 6 usiku, na jioni moja msichana mmoja alianguka bwalo la chakula akipiga kelele. Ndani ya nusu saa walikuwa 7, na kesho yake 16. Kila aliyesomea bweni nchi hii anajua kinachofuata: mabweni yanajaa hofu, majina ya watu yanaanza kutajwa, walimu wanakimbilia maombi ya hadhara, na kila umati unapokusanyika wanaanguka wengine. Sidharau imani ya mtu, nami ni mtu wa dini. Ila muuguzi alimwomba mkuu wa shule apewe siku 2. Walioanguka aliwatenganisha, kila mmoja chumba chake na rafiki mmoja mtulivu, akawapima sukari, joto na malaria ili asije akaacha ugonjwa wa mwili kwa kudhani ni wa hofu, akawatawanya watazamaji, na viongozi wa dini waliofika akawaomba wasali na wanafunzi wazima msikitini na kanisani badala ya kusalia juu ya walioanguka. Kisha akamwandikia mkuu wa shule kwamba watoto wanalala kwa muda wa saa 4 tu na kwamba prepo iishe saa 4 usiku. Iliisha saa 4 usiku. Siku ya tatu hakuanguka mtu. Wazee wa Kagera wanakumbuka Kashasha, karibu na Bukoba, ambako Januari 1962 wasichana wa shule ya bweni walishikwa na kicheko kisichozuilika, 95 kati ya 159, hadi shule ikafungwa mwezi Machi na watoto wakakipeleka kicheko hicho vijijini kwao. Yetu haikufungwa hata siku moja.

Sasa nije kwenye kasoro, nazo si ndogo.

Kubwa kuliko zote ni kwamba muuguzi ni mmoja kwa wanafunzi zaidi ya 600. Anapumzika Jumapili 2 kwa mwezi na ana likizo yake ya mwaka kama mfanyakazi yeyote, na siku hizo ufunguo unakuwa kwa matroni, ambaye anaweza kufunga kidonda na kumpeleka mtoto hospitali lakini haruhusiwi kupima malaria wala kutoa dawa kubwa. Jumapili moja ya Machi 2025 mdogo mtu alishikwa na homa mchana, matroni akaona si ya kumkimbiza hospitali, na mtoto akalala na homa yake mpaka Jumatatu saa 1 asubuhi, muuguzi aliporudi akampima na kumkuta na malaria. Alipona bila shida. Lakini hizo ni saa 18 za homa bila kipimo, ndani ya shule inayojisifu kwa dispensari yake, na kama angekuwa dada yake nisingekuwa naandika kwa utulivu huu. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyenipigia kunieleza, na aliliandika tukio hilo kwenye daftari bila kulifunika.

Gari la wagonjwa halipo. Linalotumika ni lilelile linalokwenda sokoni kuchukua mchele na maharage, na mchana, likiwa njiani, mgonjwa anasubiri au anapandishwa bodaboda na matroni nyuma yake. Usiku, kwa bahati, gari hulala shuleni.

Upande wa fedha, tunalipa shilingi 45,000 kwa mwaka za huduma ya afya kwa kila mwanafunzi, na huo si mzigo nikilinganisha na ninachopata. Ninachokilalamikia ni risiti inayosema "afya" tu, bila mchanganuo, ilhali leja ya dispensari iko safi kiasi kwamba mhasibu angeweza kunakili tu. Pia mwenye bima analipa sawa na asiye nayo. Kuhusu bima yenyewe shule ilitusaidia: mwaka 2023, usajili wa mtoto mmoja mmoja wa Toto Afya Kadi uliposimamishwa na watoto kuelekezwa wasajiliwe kupitia shuleni, ofisi ya shule ilikusanya fomu zetu zote, tukaepuka kuhangaika.

Na ushauri nasaha bado ni mwembamba. Msichana aliyefiwa, anayekosa usingizi, au aliyekutwa na ujauzito na kuogopa kwamba maisha yake ya shule yamekwisha, ingawa serikali iliruhusu tangu Novemba 2021 wasichana wa aina hiyo warudi masomoni, anamtegemea muuguzi huyohuyo anayefunga vidonda na kufuata dozi bwenini usiku. Anawasikiliza, na mlango huwa umefungwa, na nijuavyo hakuna kilichowahi kuvuja. Ila mtu mmoja ana saa 24 tu.

Nikiulizwa na mzazi mwenzangu kama ampeleke huko mtoto mwenye pumu, kifafa, kisukari au selimundu, nitasema ampeleke, na siku ya kumpeleka aende dispensari kabla ya kwenda kwa mhasibu, akae na muuguzi nusu saa, amwachie nakala ya maelezo ya daktari na namba 2 za simu zinazopokelewa usiku. Vilevile ajiunge nasi wazazi 43 tuliokwisha kuiandikia bodi ya shule kwamba tuko tayari kuongeza shilingi 20,000 kila mmoja kwa mwaka ili aajiriwe muuguzi wa pili. Tumeomba jibu kabla ya baridi ya Julai.

Siku niliyokwenda kumchukua binti, mtihani ukiwa umekwisha na hakuna karatasi hata moja aliyoikosa, tulipita dispensari kuaga. Muuguzi alikuwa ameshaandaa barua ya kurasa 2 kwa ajili ya daktari yeyote atakayemhudumia mbele ya safari: mahudhurio 23 katika miaka 3, kulazwa hospitali mara 2, kila tarehe, kila dawa, kila kiwango cha damu kilichopimwa kliniki. Niliinua mkono kuipokea. Yeye aliikabidhi kwa binti mwenyewe, akamwonyesha kwa kalamu mahali palipoandikwa nyuzi 38.5, akamwambia, "Hapa ikifika, usimsubiri mtu." Kisha alifungua lile daftari kubwa, akamwelekeza safu ya mwisho, na kwa mara ya kwanza sahihi iliyowekwa pale ikawa ya mwanangu.